Chuma cha Mjomba Metro

Chicago, 9 Septemba 1984

Mjomba Metro mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na ngano haijaloa. Mama ameniambia kwenye simu kwamba umekataa kuliuza lile trekta bovu, unalifungua mwenyewe uwanjani huku ukilitukana kwa Kiukreni. Akasema, "Mjomba wako kazeeka miguu tu, kichwa bado cha punda." Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Mimi sijambo. Chumba nilichopanga kiko karibu na reli, treni ikipita vikombe vinatetemeka kabatini. Nimeanza kuzoea. Kanisa letu nimelipata, upande wa magharibi wa mji, na akina mama wa pale wanapika piroge nzuri, zile za unga zenye viazi ndani, ingawa viazi vyao havina bizari. Usimwambie Mama kwamba nimekula za watu wengine nikazisifu.

Sasa niseme kilichonifanya nishike kalamu. Kila mtafiti mgeni katika maabara hii huachiwa achague tatizo lake la kwanza. Wenzangu wamechagua mambo yanayovuma. Mimi nimechagua mmenyuko wako, ule wa mwaka 1962: pete mbili za kaboni zinaunganishwa zikawa kitu kimoja, na kichocheo ni chembe tu ya chumvi ya chuma. Profesa alinitazama juu ya miwani. "Ule wa Hawryluk? Binti, hakuna aliyewahi kuupata tena." Nikamwambia Hawryluk ni mjomba wangu, kaka wa mama yangu. Akasema, "Basi kila la heri," kwa sauti ile ambayo watu hutumia msibani.

Nikaenda maktaba kuitafuta makala yako. Kando ya jina lako mtu ameandika kwa penseli, "Haifanyi kazi." Niliyafuta maneno yale kwa ufutio mpaka mkutubi akaja kuniuliza nafanya nini. Nilipokuwa mdogo sikuelewa kwa nini wageni wakitaja kazi yako ya zamani Mama huondoka kwenda kuangalia jiko. Sasa naelewa. Walisema umebuni matokeo. Mjomba, mimi siamini. Nataka kuurudia mmenyuko, niuchapishe, na watu wajue kwamba hukudanganya.

Niandikie kila kitu, hata vile vidogo ambavyo mtu haviandiki kwenye jarida.

Mpwa wako akupendaye,
Orysia


Zoria, Saskatchewan, 4 Oktoba 1984

Mpwa wangu Orysia,

Marahaba, mwanangu. Ngano imeingia ghalani, haikuloa sana. Trekta limewaka. Mwambie mama yako limewaka, na umwambie hivyohivyo, maana mimi nikimwambia anasema najisifu. Mbwa wa jirani amezaa chini ya ngazi zangu na sasa sina ruhusa ya kutoka kwa mlango wa mbele.

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa. Nikakasirika kidogo, kisha nikatabasamu peke yangu jikoni kama mwehu. Unajua ni muda gani tangu mtu aniulize habari za maabara? Hapa kijijini wananiuliza dawa ya kuua magugu.

Basi nikaanza kukumbuka. Maabara yetu ilikuwa chini ya ardhi, madirisha yake yalikuwa usawa wa viatu vya wapita njia. Wakati wa baridi tuliweka chupa za etha nje dirishani, tukaokoa nafasi ya friji kwa ajili ya chakula, jambo ambalo leo wangetufukuza wote. Misombo yetu haikutaka hewa. Ukiiachia pumzi moja tu ya hewa inafuka moshi, au inawaka. Kwa hiyo kila kitu tulikifanya ndani ya nitrojeni, chupa kwa chupa, bomba kwa bomba, tukitumia mikono miwili na wakati mwingine meno. Marehemu Nettie wangu alikuwa akijua siku imekwendaje kwa kuhesabu matobo kwenye shati langu. Akikuta tobo jipya anasema, "Leo umefurahi, ee?" Na kweli nakuwa nimefurahi. Ee Mungu, nilikuwa nafurahi sana siku zile.

Kuhusu mmenyuko, ushauri wangu ni uache. Uchague kitu ambacho profesa wako hatakusikitikia. Wewe bado kijana, na jina langu mimi limeshalala, liache lilale.

Najua hutanisikiliza, umetoka tumbo la dada yangu Stefka. Kwa hiyo: ukaushe etha kwa sodiamu mpaka iwe bluu kabisa, usidanganyike na samawati hafifu. Magnesiamu ikigoma kuanza, isage kidogo kwa kijiti cha kioo na uipashe kwa kiganja, si kwa moto. Chumvi ya chuma uitie mwisho, chembe ndogo, chupa ikiwa kwenye barafu. Mchanganyiko utageuka kutoka manjano hadi weusi kwa ghafla, na chupa itapata moto mkononi mwako. Ukiona hivyo, ujue zimeshikana.

Umetaja waliosema. Aliyesema alikuwa mmoja, wengine walicheka tu. Leland Whitcombe. Tulisoma pamoja Toronto, tulishiriki meza moja, alikuwa mpambe wangu siku nilipomuoa Nettie. Kwenye mkutano wa Winnipeg nilipomaliza kusoma makala yangu alinyoosha mkono. Akasema, "Metro, tumeujaribu kwenye maabara yangu majira yote ya baridi. Hicho chuma chako kiko wapi, tukione?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nikakusanya karatasi zangu nikatoka. Baadaye aliniandikia mara moja, sikumjibu. Tangu siku ile sikupata tena wanafunzi wa utafiti, nikafundisha wa mwaka wa kwanza namna ya kusoma vipimo mpaka nikastaafu.

Sasa umejua. Kula vizuri, baridi ya Chicago ina unyevu.

Mjomba wako,
Metro


Chicago, 12 Novemba 1984

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia trekta limewaka. Mama hakuamini, alisema labda umelisukuma. Huku theluji ya kwanza imeanguka ikayeyuka, ikaanguka tena. Upepo unatoka ziwani na unapenya kila mahali. Nimenunua koti jipya, la kijivu, refu mpaka chini ya magoti, lina kofia yenye manyoya ya bandia. Mwenzangu mmoja maabara anasema nafanana na mtu wa posta. Sijui alimaanisha nini. Mashine ya joto ya jengo letu inapiga kelele alfajiri. Nimejifunza kupika kabichi bila nyumba nzima kunuka, siri ni kipande cha mkate juu ya maji. Kanisani wanaanza mazoezi ya nyimbo za Krismasi na wamenitia sauti ya pili ingawa niliomba ya kwanza.

Kazi inaendelea. Etha ni bluu kama ulivyosema. Magnesiamu inaanza vizuri.

Nilitaka kukuuliza jambo dogo tu, si la haraka. Chumvi ya chuma mliyotumia, makala inasema mliitengeneza wenyewe. Mliitengeneza kutoka chuma gani? Mimi natumia cha dukani, kile safi kabisa kinachouzwa.

Salamu kwa watoto wa mbwa.

Orysia


Zoria, 25 Novemba 1984

Mpwa wangu,

Mimi mzima, mama yako mzima, watoto wa mbwa wamegawiwa isipokuwa mmoja ambaye amenichagua mimi bila kuniuliza.

Umeniandikia barua nzima kuhusu koti. Nimefundisha vijana maisha yangu yote, Orysia. Mwanafunzi ambaye jaribio lake limekubali huja mbio na viatu mkononi. Ambaye limekataa huanza kwa kusifu hali ya hewa. Kwa hiyo halijakubali, na umekwisha kulijaribu zaidi ya mara moja. Usinifiche. Mimi si yai.

Swali lako hakuna aliyewahi kuniuliza, na jibu lake litakuchekesha. Nilipopewa maabara yangu ya kwanza, ile ya chini ya ardhi, vifaa nilivyoagiza vilichelewa majira yote ya kiangazi. Nikaja nyumbani kuvuna na babu yako Wasyl. Nikalalamika mezani kwamba sina hata chuma. Mzee akaacha kijiko. "Huna chuma? Umesoma miaka yote hiyo na huna chuma?" Akaniongoza mpaka nyuma ya ghala. Pale palikuwa na plau yake ya zamani, ile aliyovunjia ardhi hii wakati bado ni vichaka na mawe matupu. Jembe lake lilikuwa limelika, halina kazi tena. Akaling'oa, akanipa. "Chukua. Hiki kimefanya kazi, kinajua kufanya kazi."

Nililipeleka chuoni ndani ya gunia la viazi. Tukalipiga tupa, vumbi lake tukaliyeyusha kwenye asidi, tukakausha, tukapata chumvi nzuri ya manjano. Mmenyuko ukakubali siku ileile. Tangu hapo kila mwanafunzi wangu alianza kazi kwa kupiga tupa jembe la babu yako, ikawa desturi yetu. Mgeni anapewa tupa na aproni, wenzake wanamwimbia wimbo wa kulima, naye anapiga mpaka mkono uchoke. Kwenye jarida niliandika "chuma" basi. Nani aandike plau ya baba yake kwenye jarida?

Vipande vilivyobaki bado ninavyo. Jana nimekaa gereji na kupiga tupa, mbwa ananitazama. Vumbi limo kwenye mkebe wa kahawa, nimelituma kwa posta pamoja na barua hii. Ikiwa watu wa mpakani watakuuliza, sema ni urithi.

Metro


Chicago, 16 Januari 1985

Mjomba, Mjomba, Mjomba!

Kristo amezaliwa, na heri ya Krismasi yetu iliyopita. Nilitamani niwe mezani kwenu, nile ngano ya asali na nimsikie Mama akigombana na wewe kuhusu nani aanze wimbo. Huku tulikula kanisani, ukumbi ukiwa umejaa, na mzee mmoja kutoka Alberta alipiga fidla mpaka uzi ukakatika. Nilikukumbuka. Nililia kidogo chooni kisha nikarudi kucheza.

Umekubali!

Nimetengeneza chumvi kwa mkebe wako. Niliitia chembe moja, chupa ikiwa kwenye barafu, mwenzangu wa meza ya pili akinitazama huku anatafuna biskuti. Manjano, manjano, halafu weusi mara moja, na chupa ikapata moto. Nilipiga kelele. Profesa alitoka ofisini akidhani kuna kilichowaka. Nikamwonyesha. Akasema, "Rudia." Nikarudia mbele yake. Akavuta kiti, akakaa. Fuwele zimetoka nyeupe, nzuri kabisa, karibu zote tulizotarajia. Ni kama ulivyoandika, kila namba.

Hukudanganya. Najua ulikuwa unajua, lakini sasa najua kwa mikono yangu mwenyewe, na profesa anajua. Leo asubuhi amenisimamisha kwenye ngazi akasema, "Mwambie mjomba wako nampa heshima zangu."

Bado kuna vipimo vichache kabla ya kuandika makala. Profesa anataka tuelewe kwa nini kile cha dukani kinakataa. Ni mambo ya kawaida.

Nakukumbatia,
Orysia


Zoria, 3 Machi 1985

Mpwa wangu mpendwa,

Sijapata barua yako tangu ile ya Krismasi, nayo nimeibeba mfukoni mpaka imechakaa kwenye mikunjo. Mama yako anasema unapiga simu unazungumza mambo ya soksi kisha unakata. Je, u mzima? Usiniambie una mchumba Mmarekani, hata hivyo nitamkubali akiwa anajua kupika.

Nikuambie jinsi furaha ilivyonishika. Niliisoma barua yako kwa sauti kwenye ukumbi wa kanisa, baada ya chakula. Hawakuelewa kitu, maskini, lakini walipiga makofi. Mzee Prokop akauliza, "Kwa hiyo Metro ni mzima wa akili?" Mama yako akamjibu, "Kaka yangu alikuwa mzima siku zote, mgonjwa ni wewe," na nusura wapigane, watu wazima wale. Usiku huo nililala bila kugeukageuka. Hujui, Orysia. Mtu akiitwa mwongo mbele ya wenzake, hata akikaa kimya miaka yote, kila akilala yuko kwenye ukumbi uleule anajibu.

Kuna jambo jingine. Chuo changu cha zamani kinafanya mkutano wa wanakemia waliostaafu na wanafunzi wao wa zamani mwezi Juni, nami nimewaandikia kwamba nina neno la kusema. Wamenipa nafasi. Nimesikia Whitcombe atakuwepo, anatembea kwa fimbo siku hizi. Nimeshaanza kuandika hotuba. Nitasimama na kumwambia mbele ya watu, "Uliuliza chuma changu kiko wapi. Hiki hapa." Nimemwambia fundi anikatie kipande cha jembe nikakiweke mezani.

Niletee matokeo yaliyobaki nipate kuyataja.

Metro


Chicago, 30 Machi 1985

Mjomba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Mimi mzima na sina mchumba, wa Kimarekani wala wa aina yoyote. Kazi imekuwa nyingi.

Vipimo havijakamilika. Ningeomba usizungumze Juni, au uzungumze kwa kifupi tu, kuhusu maisha ya zamani, wanafunzi wako, mambo kama hayo. Watu wangependa kusikia. Makala hatujaiandika. Hakuna haraka yoyote, inaweza kukaa mwaka, hata zaidi.

Msalimie Mama.

Orysia


Zoria, 9 Aprili 1985

Orysia,

Tu wazima wote.

Nimekaa na barua yako tangu ilipofika. Umelipima vumbi la babu yako, na ndani yake kuna kitu kingine zaidi ya chuma. Ningefanya hivyohivyo.

Niambie ni metali gani.

Metro


Chicago, 17 Aprili 1985

Mjomba wangu,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Sina habari za nyumbani za kukupa na sitajifanya ninazo.

Ni nikeli. Tumeipima kwenye mashine inayosoma metali kwa rangi ya mwali, na tukapima tena kwa njia nyingine kwa sababu nilikataa kuamini. Fundi mmoja wa vyuma hapa aliniambia waliotengeneza plau za ardhi ya mawe waliweka nikeli kidogo ili jembe lisivunjike. Kwenye asidi iliyeyuka pamoja na chuma, na kwenye chumvi ya manjano hakuna jicho linaloweza kuiona. Nilichukua chuma safi cha dukani, hakuna kitu. Nikaongeza chembe ya nikeli, mchanganyiko ukageuka mweusi. Nikaondoa chuma kabisa, nikaacha nikeli peke yake, ukageuka mweusi vilevile. Siku hiyo sikupiga kelele. Niliosha vyombo nikaenda nyumbani.

Kila ulichokiona kilikuwepo, na kila namba uliyoandika ni ya kweli. Hukudanganya hata nukta. Ila kichocheo hakikuwa chuma. Najua maisha yako yote umesema chuma. Ningetoa chochote nisiwe mimi wa kukuandikia hivi.

Profesa anataka kuchapisha, lakini uamuzi ameniachia mimi. Nami nakuambia sina haraka. Ninaweza kufanya kazi nyingine. Makala nimeshaiandika, itakaa kwenye mtoto wa meza, itasubiri. Ukiniambia niichome, nitaichoma.

Nisamehe, Mjomba.

Orysia


Zoria, 23 Juni 1985

Mpwa wangu Orysia,

Salamu nyingi, na nyingine juu yake kwa ajili ya miezi hii niliyokaa kimya. Ngano imeota vizuri. Mbwa amekula kiatu changu cha kanisani, kwa hiyo kwenye mkutano nilienda na cha shambani. Mama yako alitaka kulia aliponiona nikipanda basi.

Nikuambie ukweli, barua yako ilinivunja. Nilienda gereji nikakaa juu ya ndoo, na nililia, mzee kama mimi. Baadaye nikakasirika. Nilikukasirikia wewe, nikamkasirikia Mungu, nikamkasirikia mpaka babu yako, ambaye kosa lake ni kunipa alichokuwa nacho. Hasira ilipopoa nikakumbuka jambo lililonifanya nicheke, tena si kicheko kizuri. Miaka kumi hivi baada ya Winnipeg wengine waliunganisha pete zilezile kwa nikeli, na dunia ikawapigia makofi. Makala yao niliisoma. Niliitupa pembeni nikamwambia Nettie, "Hao ni watu wa nikeli, sisi wa chuma hawatuhusu." Nikeli ilikuwa kabatini kwangu wakati huo, ndani ya mkebe wa vumbi la jembe. Sikuwahi hata mara moja kujaribu chuma cha dukani. Nilikuwa na cha baba yangu, cha duka cha nini?

Mama yako alinijia na supu ya viazisukari vyekundu. Akauliza, "Mtoto amekuambia nini?" Nikamweleza. Akasema, "Kwa hiyo hukusema uongo?" Nikasema hapana. "Basi kula," akasema.

Kwenye mkutano nilisimama. Ile hotuba niliiacha begini. Niliwaambia kwamba mwaka 1962 niliwaletea mmenyuko wa kweli wenye jina lisilo lake, na mpwa wangu wa Chicago ndiye aliyelipata jina lake, na ni nikeli. Niliwaeleza habari ya jembe, na desturi ya tupa, na wimbo. Baadhi ya wanafunzi wangu walikuwepo, wana mvi sasa, mmoja akaanza kuuimba ule wimbo kwa chini na wenzake wakamfuata.

Ndipo Whitcombe akanyoosha mkono. Kama zamani kabisa, kidole kimoja juu. Akainuka na fimbo yake, akachukua muda wake.

Akasema, "Metro, sisi tulinunua chuma kilicho safi kuliko vyote. Tulijivunia."

Nikasema, "Najua. Sasa najua."

"Nilidhani umetuficha kitu."

"Na mimi nilidhani mmejaribu kwa uzembe ili mnicheke."

"Kwa nini hukuniambia ni plau ya mzee wako? Ningekuja na treni nikaomba kipande."

"Hukuniuliza, Leland. Uliuliza kiko wapi, hukuuliza kimetoka wapi."

"Basi wewe ungenijibu barua yangu," akasema. Yule mtu alilia mbele ya wote, akapangusa pua kwa tai. Mchana tulikula meza moja. Ana kisukari, ana wajukuu wasiomtembelea, mkewe alifariki mwaka mmoja na Nettie na sikuwahi kumpa pole. Tulikuwa wakweli wote wawili, Orysia, na tulitumia nusu ya maisha yetu kila mmoja akimwona mwenzake mwongo. Hilo ndilo linaloniuma sasa. Chuma hakiniumi tena sana. Nimewakumbuka vijana wale, nimeikumbuka etha dirishani, Nettie akiingiza kidole kwenye tobo la shati, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho nikeli imekibadilisha.

Sasa kuhusu makala. Usichome kitu. Uliniandikia kwamba haina haraka, inaweza kukaa mwaka, hata zaidi, itasubiri kwenye mtoto wa meza. Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi kuliko yote. Mimi ni mzee, mpwa wangu, lakini bado najua kusoma. Najua unachosubiri. Ulitaka nizikwe kwanza na chuma changu, ndipo uwaambie watu. Umefanya hivyo kwa kunipenda, nami nimelipokea pendo lako, nimelikumbatia, na ninalikataa.

Ipeleke jaridani mwezi huu. Nitumie nakala itakapotoka, nataka kuisoma mimi mwenyewe, nikiwa hai.

Mjomba wako,
Metro Hawryluk